Nyoka Apatapo Taabu ya Kutaga

Katika Nyankunde, kusini-magharibi ya Bunia, kuku ni mnyama wa kila siku. Watoto wanajua vema namna tetea anavyotaga. Kwanza hutafuta mahali pa siri: kikapu kikuukuu, pembe ya jiko, au majani nyuma ya ghala. Huingia, hukaa kimya, hutaga, kisha hutoka akipiga kelele ili nyumba nzima ijue. Lakini siku nyingine mambo hayaendi hivyo. Tetea husimama amejikunyata, mkia umeinama, mabawa yamelegea. Anajikaza, wala yai halitoki. Yai limemkwama. Asiposaidiwa huenda akafa.

Jambo hili haliwapati kuku peke yao. Kila mnyama atagaye mayai aweza kupatwa nalo: bata, kobe, mjusi, hata nyoka. Somo hili laeleza habari za nyoka. Nyoka jike ashindwaye kutaga yumo katika hatari ile ile ya kuku, lakini yeye hana sauti ya kulia, wala mabawa ya kulegea. Huumwa kimya. Kwa hiyo mtu amwangaliaye sharti azijue dalili, alijue la kufanya, na zaidi ya yote alijue lisilofaa kufanywa.

Nyoka wanaofugwa

Mtu wa Nyankunde amwonapo nyoka karibu na nyumba yake, huita jirani na kutafuta fimbo. Si ajabu, kwa maana Ituri ina nyoka wenye sumu kali, kama fira na moma. Lakini ziko nchi ambako nyoka hutunzwa kwa makusudi. Katika Nairobi, mji mkuu wa Kenya, nyumba ya nyoka ilifunguliwa mwaka wa 1961, karibu na jumba la makumbusho, ili watu waje kuwatazama na kujifunza. Mtu mmoja aliyeiangalia nyumba hiyo, jina lake James Ashe, baadaye alianzisha shamba la nyoka huko Watamu, pwani ya Kenya, mwaka wa 1980. Shamba hilo linaitwa Bio-Ken.

Katika Ulaya na Marekani wako watu wengi wafugao nyoka nyumbani, kama wengine wafugavyo paka. Mmoja apendwaye sana ni chatu mdogo, ambaye kwa kawaida hazidi mita moja na nusu. Aogopapo hakimbilii kuuma. Hujikunja akawa kama mpira, na kichwa chake amekificha katikati. Makao yake huanzia Senegal na kufika Uganda, nchi iliyo ng'ambo ya Ziwa Albert. Basi yule nyoka alalaye ndani ya sanduku la kioo huko London au Chicago, asili yake ni nyika za Afrika.

Nyoka wa porini hujitafutia mwenyewe joto, maji na kiota. Nyoka wa sandukuni hawezi. Akikosa kitu, amekosa kwa sababu mwenye sanduku hakumpa. Ndiyo maana taabu ya kutaga huonekana mara nyingi kwa nyoka wanaofugwa.

Namna nyoka anavyozaa

Watu wengi hudhani ya kuwa nyoka wote hutaga mayai. Sivyo. Moma huzaa watoto walio hai. Moma mmoja aliyetoka Kenya, alipokuwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika nchi ya Ucheki, alizaa watoto 156 kwa mara moja. Lakini fira hutaga, koboko hutaga, na chatu hutaga. Chatu mkubwa wa Afrika huweza kutaga mayai 20, na pengine hata 100. Yule mdogo ajikunjaye kama mpira hutaga machache tu, mara nyingi 4 hata 10.

Yai la nyoka halifanani na yai la kuku. Ganda lake si gumu wala halipasuki kama kigae; ni laini na imara kama ngozi. Tena, kuku huyageuza mayai yake kila siku, lakini yai la nyoka halipasi kugeuzwa baada ya kutagwa. Kitoto kilichomo hujishikiza upande wa juu wa ganda, na mtu akiligeuza yai huweza kukiua.

Ndani ya mwili wa nyoka jike mna mirija miwili mirefu. Mayai hupangwa humo moja nyuma ya jingine, kama watu wapitao katika njia nyembamba ya mlimani. Mtu wa mbele akisimama, wote walio nyuma yake watasimama. Vivyo hivyo yai la mbele likikwama, yaliyo nyuma hayana pa kupita.

Nyoka akaribiapo kutaga hutoa dalili. Huacha kula. Hutafuta mahali penye joto. Chatu mdogo mara nyingine hulala amegeuza tumbo juu. Kisha hujivua gamba, na baada ya mwezi mmoja hivi hutaga. Porini, chatu huingia katika shimo lililochimbwa na muhanga, au katika kichuguu kilichoachwa. Hapo ni giza, pana unyevu kidogo, wala upepo haupiti. Akisha kutaga, huyazunguka mayai yake kwa mwili, akayalinda muda wa miezi miwili au zaidi bila kula.

Mwaka wa 2018 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Witwatersrand, Afrika ya Kusini, Graham Alexander, alieleza aliyoyaona kwa chatu wa huko. Chatu jike hutoka mlangoni mwa shimo kuota jua, kisha hurudi ndani na kuyapa mayai joto lile. Watoto wakisha kuanguliwa, hukaa nao usiku muda wa siku 14 hivi. Kumbe hata chatu ni mama mwenye uangalifu.

Kwa nini mayai hukwama?

Sababu ni nyingi, lakini tano ni kubwa.

Ya kwanza ni kukosa kiota. Nyoka asiyeona mahali pa giza na siri huyazuia mayai yake. Huzunguka sandukuni usiku na mchana, akitafuta asichokipata, mpaka nguvu zinamwishia.

Ya pili ni baridi. Nyoka hajitengenezei joto mwilini kama ng'ombe au mtu. Hulipata katika jua, mawe na ardhi. Akipoa, misuli yake hulegea, wala haina nguvu ya kusukuma.

Ya tatu ni kiu. Mwili ukikauka, mirija nayo hukauka, na yai haliwezi kuteleza.

Ya nne ni unene. Nyoka wa porini hutambaa, hupanda, huwinda. Nyoka wa sandukuni huletewa panya mdomoni. Hunenepa, na misuli yake huwa dhaifu kwa kukosa kazi.

Ya tano imo katika yai lenyewe au katika mwili. Yai laweza kuwa kubwa mno, au kuwa na umbo baya, au kuoza. Mrija nao waweza kuwa na ugonjwa.

Mwenye nyoka mmoja tu asiseme, «Wangu hana dume, basi hatataga.» Mwaka wa 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu mdogo jike alitaga mayai 7. Umri wake ulikisiwa kuwa miaka 62, naye alikuwa hajakaa na dume kwa miaka 15 au zaidi. Afugaye jike sharti awe tayari siku zote.

Dalili za hatari

Nyoka mwenye afya humaliza kazi yake kwa saa chache, au kwa siku moja. Lakini akitaga mayai matatu kisha akaacha, na uvimbe bado waonekana sehemu ya nyuma ya mwili wake, hiyo ni dalili. Akijikaza mara nyingi wala kitu hakitoki, hiyo ni dalili. Akilegea, asijali kuguswa, ni dalili mbaya. Nyama nyekundu ikitokeza katika tundu lake la nyuma, asingojewe hata saa moja. Apelekwe kwa daktari wa wanyama upesi.

Saa zina maana kubwa hapa. Zikipita saa 48 hivi tangu yai la mwisho kutoka, yale yaliyobaki huanza kushikamana na mirija. Tangu hapo kila siku ipitayo huifanya kazi kuwa ngumu zaidi.

Namna ya kumsaidia

Msaada wa kwanza hauhitaji dawa, wala sindano. Nyoka hupewa sanduku dogo lenye giza na mlango wa kumtosha. Ndani huwekwa majani laini yaliyoloweshwa kidogo, si ya kuchuruzika maji. Joto hutengenezwa: kwa chatu, digrii 28 mpaka 32, na upande mmoja uwe na ubaridi kidogo ili achague mwenyewe. Maji safi ya kunywa huwekwa karibu. Kisha hufunikwa kwa kitambaa, na watu huondoka. Hakuna kumfungulia kila mara, hakuna kumwonyesha wageni. Nyoka wengi humaliza kutaga kwa utulivu huo tu.

Msaada wa pili ni maji ya uvuguvugu. Nyoka hutiwa katika chombo chenye maji machache, ili kichwa kiwe juu bila taabu, kwa dakika chache. Mtu hukaa karibu muda wote, kwa maana nyoka aliyechoka huweza kuzama. Maji humwondolea ukavu na kumtuliza.

Mayai yakikataa bado, ni kazi ya daktari wa wanyama. Yeye hupapasa kwa vidole vyepesi, au hupiga picha ya eksrei, apate kujua yamebaki mayai mangapi na kama njia imezibwa. Nyoka aliyekauka huongezewa maji kwa sindano. Pengine daktari hutumia dawa iitwayo oksitosini, iamshayo nguvu ya kusukuma. Dawa hiyo wakunga wa hospitali huifahamu, kwa kuwa hutumiwa kuzuia damu isimtoke sana mama aliyejifungua. Kwa kobe hufaa sana. Kwa nyoka mara hufaa, mara haifai, hasa ikichelewa. Wala haitolewi kama njia imezibwa. Ni sawa na watu kuusukuma mlango uliofungwa kwa gogo: wakizidi kusukuma, ukuta utabomoka na mlango utabaki pale pale.

Dawa isipofaa, daktari hutoboa yai kwa sindano na kuvuta ute uliomo. Yai hunywea kama mpira uliotoka pumzi, na kwa siku moja au mbili nyoka huweza kulitoa mwenyewe. Yai hilo limepotea, lakini mama amepona. Njia ya mwisho ni kupasua. Nyoka hupewa dawa ya usingizi, hupasuliwa ubavuni, mayai hutolewa, kisha hushonwa. Jeraha la nyoka hupona pole pole. Huchukua majuma mengi.

Lisilofaa kufanywa

Mtu mwenye huruma bila maarifa huona uvimbe ule, akafikiri ya kuwa dawa ni kuukamua kwa mikono, kama mtu akamuavyo jipu. Hilo ni kosa kubwa. Yai likiwa limeshikamana na mrija, huvuta mrija pamoja nalo. Mrija huchanika, damu huvujia ndani, au nyama ya ndani hutoka nje. Nyoka ambaye angepona kwa kiota na joto hufa kwa mikono ya yule aliyetaka kumwokoa.

Vile vile si vema kumlisha kwa nguvu, kumweka juu ya moto ili apate joto, au kumpa dawa iliyobaki nyumbani. Haraka haraka haina baraka.

Lakini kungoja nako kuna mpaka wake. Kungoja kwema ni kwa mtu aliyekwisha kutengeneza kiota, akatazama joto, akaweka maji, na sasa anahesabu saa. Kungoja kwa mtu aliyekaa tu, asiangalie wala asihesabu, si subira, ni uvivu. Saa zikitimia, mwenye subira ndiye awahiye kwa daktari.

Baada ya kutaga

Mayai yakisha kutoka, mfugaji huyaacha kwa mama yake, au huyahamisha bila kuyageuza. Wengine hutia alama ya penseli upande wa juu wa kila yai, wasije wakakosea. Mayai ya chatu mdogo hukaa katika joto la digrii 31 au 32 kwa muda wa siku 60 hivi. Kisha kitoto hulikata ganda kwa jino dogo lililo mbele ya mdomo, kikatoa kichwa, kikapumzika, halafu kikatoka. Jino hilo huanguka baadaye. Kazi yake imekwisha.

Mama naye amekonda. Hupewa maji kwanza, kisha chakula kidogo, wala hapewi dume tena mpaka mwili umerudi.

Nyankunde ina faida gani katika habari hii?

Huenda mtu akauliza, «Sisi hatufugi nyoka. Habari hii yatufaa nini?»

Kwanza, nyoka si adui katika kila jambo. Wako nyoka wasio na sumu ambao huwala panya wa ghalani. Panya huharibu mahindi na mihogo, tena viroboto vyao hueneza tauni, na Ituri ni nchi ambamo ugonjwa huo umeonekana hata katika miaka ya karibuni. Lakini mtoto asimshike nyoka yeyote wa porini, awe mkubwa au mdogo, hai au mfu. Hata nyoka aliyekufa punde aweza kuuma. Aumwaye apelekwe hospitali mara moja.

Pili, yaliyosemwa juu ya nyoka yafaa kwa kuku. Tetea apewe kiota chenye giza na majani makavu, maji safi, na maganda ya mayai au ya konokono yaliyosagwa, ili maganda ya mayai yake yawe imara na misuli yake iwe na nguvu. Yai likimkwama, akalishwe mahali penye joto na utulivu, na sehemu ya nyuma iwekwe katika maji ya uvuguvugu kwa muda. Asikaminywe tumbo. Yai likivunjika ndani, vipande vyake humkata, na kuku hufa.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, iko taabu kama hiyo kwa akina mama. Mama aliyeshikwa na uchungu kutwa nzima bila mtoto kutoka asikandamizwe tumbo na watu wa nyumbani. Hospitali ya Nyankunde iliharibiwa vibaya katika vita mwezi wa Septemba mwaka wa 2002, ikahama, na baadaye kazi ikaanza tena pale pale. Watu waliirudisha kwa sababu wanajua: mkunga mwenye maarifa, akifikiwa mapema, huokoa watu wawili kwa mara moja.

Kuku, nyoka na mwanadamu hawalingani kwa thamani. Lakini azaaye, awaye yote, ahitaji mahali pa utulivu, watu wenye macho, na mikono isiyotumia nguvu pasipo maarifa.

Maneno magumu

Tetea: kuku jike aliye tayari kutaga.
Muhanga: mnyama wa usiku achimbaye mashimo na kula mchwa.
Kujivua gamba: kuacha ngozi ya zamani na kubaki na mpya.
Kunywea: kupungua na kusinyaa.

Maswali

1. Taja dalili mbili za kuku aliyekwama yai.
2. Nyoka gani huzaa watoto hai? Nyoka gani hutaga?
3. Kwa nini yai la nyoka halipasi kugeuzwa?
4. Taja sababu tano za mayai kukwama.
5. Eleza tofauti ya subira na uvivu kama ilivyosemwa katika somo.
6. Kwa nini ni vibaya kumkamua nyoka aliyeshindwa kutaga?
7. Andika sentensi sita juu ya namna kuku wanavyotunzwa nyumbani kwenu.